Salamu za Njia ya Iringa

Pikipiki ilikuwa ya rafiki yangu, na kiki yake ilivunjika kabla hatujamaliza siku ya kwanza. Tulitoka Mbeya asubuhi yenye ukungu, mimi nyuma nimekumbatia furushi la mablanketi, na mahali fulani kabla ya Chimala kile chuma cha kuwashia kwa mguu kikakatika, kikabaki barabarani. Tangu hapo, kila ikizimwa ilibidi isukumwe hadi iwake. Msukumaji nilikuwa mimi. Rafiki yangu alisema mwenye chombo hashuki, nami nikamwambia ashukuru tu kwamba nina hamu ya kuona theluji, la sivyo ningerudi kwa miguu. Huko ndiko tulikokuwa tunakwenda: Iringa, Dodoma, Arusha, mpaka tuuone ule mlima mweupe kwa macho yetu.

Kusema kweli, theluji ilikuwa hamu yangu peke yangu. Mimi ni mtu wa kuulizauliza tangu utoto. Mama yangu, Msafwa wa mlimani asiyependa maneno mengi, alikuwa akisema siku ya hukumu nitawachosha malaika kwa maswali kabla hawajaniuliza la kwao. Mwenzangu alikuwa na haja nyingine, na aliniambia tulipofika Chimala, tukakaa kula wali kwa mama mmoja karibu na soko.

Kwao ni Uhehe, kijiji kimoja kabla ya kuingia Iringa mjini. Miaka mingi nyuma aliomba ruhusa ya kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya, baba yake akakataa. Akaondoka bila kuaga. Tangu hapo alikuwa akituma salamu kwa kila mtu aliyekuwa anaelekea huko. Watu walizifikisha, mzee akazisikiliza, akanyamaza.

"Kwetu mtu akiitikia salamu yako, wewe ni mtu wake," aliniambia. "Baba akiniitikia, nina kwetu. Akininyamazia uso kwa uso, basi, ndiyo imeisha."

Nikamuuliza kwa nini asipite tu moja kwa moja mpaka Dodoma, ajiepushie aibu. Akasema nina maswali ya kitoto. Lakini wali wake hakuumaliza, na mimi, ambaye huwa simwachii mtu chakula, siku hiyo sikuugusa.

Siku ya pili tuliipita Igawa, tukapanda kwenye nchi ya baridi, na tulipofika mahali ambapo watu wanaielewa lugha yake, mambo yakabadilika. Akimwona mzee kando ya njia anasimama, anazima injini, anashuka, anachuchumaa. "Kamwene." Anaitikiwa "Kamwene," halafu zinafuata habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, za huko mnakotoka, kila moja na mguno wake. Wakimaliza, nasukuma. Hatujakwenda mbali, huyo bibi na mzigo wa kuni. Tunasimama tena.

Nilikasirika. Basi la abiria lilitupita nikiwa nimeinama nyuma ya pikipiki, jasho linanitoka kwenye baridi ile, abiria wakanicheka mpaka wakapotea kwenye vumbi lao.

"Kwani ukiwapungia mkono ukiwa juu, salamu haifiki?" nilimuuliza.

"Inafika vibaya," akasema. "Na njia hii ina masikio. Nikimpita mtu mzima kwa kelele na vumbi, baba atakuwa ameshasikia kabla sijafika."

Kwa kuwa nilikuwa nasimama tu bila kazi, nikaanza kusikiliza, kisha nikaanza kusalimu mwenyewe. Kihehe changu kiliwachekesha sana kina mama. Kilichonishangaza ni kwamba hawakuuliza kwa kutimiza wajibu. Mzee mmoja aliniuliza habari za mama yangu akangoja jibu, na nilipomwambia mguu unamsumbua, alinieleza majani ya kuchemsha na jinsi ya kuyafunga. Nikaanza kuwatafuta wazee barabarani kabla mwenzangu hajawaona. Hasira yote ikaniisha, mgongo ukabaki unauma.

Tulifika kwao siku ya tatu, mchana. Kabla ya kijiji alizima injini mwenyewe, tukaisukuma wote wawili mpaka uani. Baba yake alikuwa ameketi kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe. Alikuwa mzee mfupi, na mpini ule ulikuwa mrefu. Nikajiuliza anamchongea nani. Hakuinua uso. Rafiki yangu akachuchumaa mbele yake.

"Kamwene, baba."

Kisu kikaendelea na kazi. Nilisikia maganda ya mti yakidondoka. Mama yake alikuwa ametokea mlangoni, mkono mdomoni, na hakuthubutu kusogea. Moyo uliniuma hasa, kwa sababu rafiki yangu hakuinuka. Alibaki pale pale, macho chini.

Sikujua la kufanya, nikafanya nililojifunza. Nikachuchumaa kando yake, nikasalimu kwa Kihehe changu kibovu. Mzee akaniitikia. Akaniuliza habari za njia, za Mbeya, za mazao ya kwetu, za mama yangu na mguu wake. Nilishtuka, huo mguu kaujulia wapi? Kisha akaniuliza, "Na mwenzako, huko mnakotoka, anakula vizuri?"

Nikasema anakula.

"Anasali?"

Nikasema anasali, ingawa hilo nililijazia kidogo.

"Mwambie maji ya kuoga yapo."

Nikamwambia, naye alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwa baba yake. Jioni hiyo yote walizungumza hivyo, kupitia kwangu. Kabla ya ugali mzee aliomba, akamshukuru Mungu kwa mgeni huyu na kwa aliyemleta. Aliyemleta alishindwa kuitikia amina.

Asubuhi tulifunga mablanketi. Rafiki yangu hakulala, nilimsikia akigeukageuka. Akaenda pale kwenye kigoda, akachuchumaa tena.

"Baba, nimekuja kuaga. Naomba ruhusa, tunakwenda Arusha."

Mzee aliugongelea mpini kwenye jembe, akautikisa kuona kama umekaza. Ndipo akamtazama mwanawe usoni.

"Sijakuruhusu," akasema. "Shamba la bondeni halijalimwa."

Akamnyooshea jembe. Rafiki yangu alilipokea kwa mikono miwili, akainuka nalo, na ule mpini ulikuwa wa kimo chake hasa. Alikuwa analia waziwazi na wala hakujifuta. Mimi nikafungua tena mablanketi, nikaenda kumuuliza mama yake kama kuna jembe la pili.