Tulivyorudisha Mbegu Mtoni

Waswahili wanasema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Kwangu mimi mambo yalikwenda kinyume. Mume wangu alipofariki, wa mbali walilia mpaka sauti zikawakauka, na mimi mfiwa nikawa nawaelekeza vikombe viko kabati gani. Watu wakanisifu. "Mashaallah, ana subira huyu." Subira gani, jamani! Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, ila mimi ni mwili mzima. Nikakaa eda yangu ndani ya fleti yetu ya Stratford, ikaisha, nikarudi kwenye kazi yangu ya kea. Nikawaosha wazee wa watu, nikawalisha, nikapanda basi, nikarudi kulala. Hakuna kilichouma, na wala hakuna kilichopendeza.

Nina mtoto mmoja tu, binti, aliyezaliwa hapa hapa London. Kiswahili anakisikia chote, hata cha kusengenya, lakini mimi nikimsemesha Kiswahili yeye hunijibu Kiingereza, na tumeishi hivyo miaka yote bila ya kugombana. Tuligombana siku ya maziko. Maiti ilikuwa msikitini, wanaume wamekwishashuka chini kwenye magari, na yeye akavaa koti na viatu akasema anakwenda kumzika baba yake. Kwetu wanawake hawaendi makaburini siku ya maziko. Wanaume ndio wanaobeba, ndio wanaozika, sisi tunabaki ndani na misahafu na masufuria. Shangazi zake wakaruka. "Lo! Mwanamke kufuata jeneza?" Halafu wote wakanitazama mimi. Nikamwambia, "Kaa, mwanangu." Nilisema kwa sauti ile ile ya kumwambia mtu afunge dirisha. Akakaa nje kwenye ngazi za jengo, na koti lake mwilini, mpaka wanaume waliporudi na tope kwenye viatu.

Tangu siku hiyo akawa hali chakula kwangu. Alikuja, alileta dawa na maziwa, akasimama mlangoni, akaondoka. Nikimpakulia wali anasema ameshiba. Siku moja nilimshika mkono nikamuuliza nimemkosea nini. Akanijibu taratibu, bila ya kupayuka, na ningependelea apayuke. "Hukumlilia wewe," akasema, "na mimi hukuniacha nikamlilie." Baada ya hapo akaanza kuja mara moja moja. Nilikuwa nampoteza mwanangu wa pekee, nalijua hilo vizuri kabisa kwa akili, na moyoni sikusikia kitu. Hilo ndilo lililonitisha, kama naweza kuuita woga ule mwembamba kutishika.

Halafu akanipigia simu. Kumbe alikuwa amejiunga na watu wa kujitolea wanaokusanya mbegu za mimea ya asili kando ya Mto Lea. Zile sehemu za kingo zilizolika na kubaki tope tupu, wanazipanda upya kwa mimea ya mto wenyewe, si ya dukani.

"Njoo Jumamosi," akasema. "Ukitaka."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa, nakuja."

Siku hizo kila kitu kwangu kilikuwa sawa. Wali au mkate, sawa. Ungeniambia jengo linaungua ningekwambia sawa, ngoja nitafute mtandio.

Ilikuwa mwezi wa tisa, baridi ndiyo kwanza inabisha hodi. Kiongozi wetu alikuwa bibi mmoja wa Kizungu, mstaafu, na kofia ya sufu iliyokaa upande. Alitugawia mifuko ya karatasi, akatuonyesha mmea tulioujia. Wakati wa maua, alisema, unakuwa na mkia mrefu wa zambarau; sasa maua yamekwisha, yamebaki mabua ya kahawia na vikonyo vidogo vikavu. Ukivisugua kwa vidole unatoka unga. Unga huo ndio mbegu. Akatwambia sharti la kazi: katika kila bua chukua kidogo tu, zilizobaki uuachie mto na ndege. Nilimsikia. Masikio yangu hayana ila.

Binti yangu akanipeleka kwenye kichaka kimoja kilichojitenga, akaniuliza kama nitaweza peke yangu. Nikamwambia, "We nenda, mimi si mtoto." Akaenda zake mbele, karibu na daraja. Nikaanza.

Sasa, mimi nimezaliwa Pemba, na nimechuma karafuu kabla sijajua kusoma. Kwenye karafuu hakuna kuachia mtu wala ndege. Tumba usilolichuma leo, kesho limechanua, na likichanua halina maana tena. Bibi yangu alikuwa akipita nyuma yetu na macho yake makali. Akiona kikonyo kimoja kimesahaulika juu ya tawi, utasikia. "Umemwachia nani? Umemwachia shetani?" Kwa hiyo mikono yangu ilifundishwa hivyo: shika tawi, livute, lisafishe, liachie, shika jingine. Na siku ile ukingoni ilikuwa mikono tu inayofanya kazi, mwenyewe sipo. Sikufikiria kitu. Nadhani ndiyo saa pekee niliyopumzika tangu mume wangu aumwe. Mfuko ukajaa, nikaomba mwingine kwa mwenzetu mmoja aliyepita, akanipa huku ananishangaa.

Bibi wa kofia alipokuja, kichaka kilikuwa uchi. Kila bua limesimama limenyonyolewa, mpaka ya mwisho kabisa yaliyoinamia maji. Akatazama kichaka, akatazama mifuko yangu, akasema lo, umefanya kazi sana. Ukikaa na Waingereza muda utajua kwamba hayo ni matusi. Halafu akanieleza, kwa upole huo huo unaokata. Upande wote ule wa mto, kichaka hicho ndicho cha asili kilichosalimika. Kinategemea kupukutisha mbegu zake chini kila mwaka, na mashina yake yenyewe yamekwishazeeka. Nimekiachia nini?

"Samahani," nikasema. Na hata aibu haikuja vizuri, ilikuja nusu ikarudi.

Binti yangu akafika mbio. Alitazama yale mabua, masikio yakamwiva mekundu. Nikajua basi, hapa ndipo tulipofikia mwisho, aliniita mara moja nami nikamfedhehesha mbele ya wenzake. Akatia mkono katika mfuko wangu, akaangalia ule unga, akageuka kwa yule bibi.

"Ni karafuu," akamwambia. "Mama anachuma kama karafuu. Huko kwao ukibakisha unapigwa." Kisha akacheka. Kicheko kilimponyoka tu, hakukusudia, akaziba mdomo. Sikuwa najua kwamba zile hadithi zangu za Pemba alikuwa anazisikiliza. Siku zote alikuwa na simu mkononi.

Yule bibi akalainika. Akasema haikuharibika, kwa sababu mbegu bado tunazo, zitarudi zilipotoka. Akatuonyesha: kwangua tope kidogo kwa vidole, tia mbegu chache, zifunike, gandamiza kwa kiganja. Sisi wawili tubaki tufanye hivyo, mfuko mmoja tuumalize wote hapo hapo. Akawachukua wengine wakatangulia.

Tukapiga magoti. Tope lilikuwa baridi, linanuka majani yaliyooza na maji ya mtaro. Nyuma yetu watu wanapita na baiskeli na mbwa wao, hakuna anayejali. Mimi nakwangua, yeye anatia. Tulikwenda hivyo shina baada ya shina, kazi ya watu wawili, na hakujitenga kama pale mlangoni kwangu.

Halafu mkono wake ukasimama. Alikuwa amechota mbegu kwenye kiganja, na mkono wa pili umeshika tope la kufunikia.

"Ndivyo walivyomfanyia Baba?" akauliza. "Wanatia udongo kwa mikono?"

Mama huwa ana jibu. Nilikuwa nimekwishafungua kinywa nimwambie ndiyo, wanafanya hivi na hivi, kama nilivyosikia tangu utoto wangu. Lakini kusikia si kuona.

"Sijui," nikasema. "Wamezikwa baba yangu na mama yangu, sasa baba yako. Sijawahi kuona hata mmoja anavyotiwa ardhini. Wanaume hurudi, hunawa mikono, tunawapa chakula. Wala hatuulizi."

Akanitazama kwa namna ambayo hakunitazama tangu siku ya ngazi. Nilidhani ataniambia kwa nini basi ulinizuia. Hakuniambia hivyo.

"Na wewe ulitaka kwenda?"

Wallahi, hapana mtu aliyewahi kuniuliza. Si wifi zangu, si imamu, si mimi mwenyewe kitandani. Nikatafuta ile sawa yangu ya kila siku nimpe, nisiione. Na hapo ikauma, kama mguu uliokufa ganzi unapozinduka, ikauma kweli kweli.

"Nilitaka," nikamwambia. "Nilitaka nijue wamemlaza vipi. Nasikia maiti hulazwa ubavu wa kulia, na yeye alikuwa hawezi kuulalia, begani palikuwa panamuuma, na nikakaa ndani, mwanangu, sikumwambia mtu."