Utepe Mweusi Kati ya Mabawa

Saa moja asubuhi ukungu umelalia uwanda wa maua, pwani ya magharibi ya kisiwa cha Uist Kusini. Trekta limezimwa. Oighrig NicAonghais, mwenye miaka hamsini na mmoja, amepiga magoti kwenye klova nyekundu, malisho yanayochanua maua. Ndani ya kikombe chake cha kioo kuna nyuki-bambi, nyuki mnene mwenye manyoya, aliyelowa umande, anayetembea kama aliyeamshwa kabla ya wakati.

Oighrig ni mkata majani ya mifugo. Analipwa kwa kila shamba analolikata. Lisilokatwa halimpi hata peni moja. Hata hivyo, jana alisimamisha trekta katikati ya shamba la shemeji yake, Raghnall, kwa kuwa alimwona nyuki wa manjano mwenye utepe mweusi kati ya mabawa.

Nyuki huyo ni adimu. Wanakijiji wamekubaliana kwamba akionekana, shamba haliguswi mpaka Septemba. Lakini Raghnall ana ng'ombe kumi na wanne wa kulisha majira ya baridi, na kesho mvua inaingia.

"Shemeji, huyo nyuki anadekezwa kuliko mke wangu," anasema Raghnall, ameegemea uzio.

"Mkeo anajua kujitetea. Nyamaza, unanitikisa mkono."

Tatizo ni kwamba nyuki huyo adimu ana jamaa yake wa kawaida, mwenye mgongo wa rangi ya kutu, asiye na utepe.

"Kufika Agosti jua limemchujua kama pazia la jikoni," Oighrig anaeleza. "Anabaki manjano. Akizeeka, mgongo unasuguika kiotani, manyoya yananyonyoka, ngozi nyeusi inatokeza. Ukimtazama ukiwa juu ya trekta, utaapa ana utepe."

Kwa hiyo anasubiri mwanga. Utepe wa kweli ni manyoya, haung'ai. Upara hung'aa.

Ukungu unapungua taratibu. Uwanda mzima unaanza kuvuma, sauti ya chini, kama nyumba iliyojaa watoto waliolala. Jua linagusa kioo. Mgongo wa nyuki unameremeta kama kiatu kilicholowa.

Oighrig anakigeuza kikombe juani, mara ya pili. Raghnall hajui tofauti. Angeambiwa ndiye, angeamini, na maua yote yangebaki. Na nyuki wa kweli hajaonekana hapa tangu mwaka juzi.

"Siye," anasema hatimaye. "Jana niliona nilichotaka kuona. Bibi wa watu ana upara tu. Kama wewe."

Raghnall anavua kofia, anajipapasa kichwa, anacheka. Kisha anaitazama klova. "Ule ukingo wa huko uache, shemeji. Ng'ombe hawatakufa."

Oighrig anamwachia nyuki, anawasha trekta. Anaanzia katikati kwenda nje, kama wakatavyo wote hapa, ili ndege wenye makinda wapate pa kukimbilia.

Mwaka huu viazi vyake vya nyuma ya nyumba vitakuwa vya mwisho. Pale anataka kupanda klova, shamba zima.

"Malkia wa manjano huamka Juni kutoka usingizi wa baridi, ana njaa," anasema. "Akipita kututafuta, akute tumeandaa."