Kaburi la Bibi Kabula

Iko siku moja ya baridi, mwanangu, ambayo mpaka leo naikumbuka kama ya juzi. Nilikuwa kijana wa umri wako, kijijini kwetu huku upande wa Laela, na mavuno yalikuwa yameshaingia ghalani. Wakati huo familia za Wasukuma ndiyo kwanza zilikuwa zinahamia na ng'ombe wao. Sisi Wafipa tulinunua maziwa kwao, tukawauzia mahindi, lakini kukaribishana majumbani, hapana.

Mwaka ule ng'ombe wa Masanja, mmoja wa hao wahamiaji, waliponyoka zizini wakaingia shamba la ulezi la mzee Onesmo, wakalimaliza kabla halijavunwa. Masanja alikuja kuomba radhi, kofia mkononi. Hakusikilizwa. Wanaume wakakaa kikao, wakaamua mtu yeyote asikanyage kwa Wasukuma, kwa raha wala kwa shida. Sisi vijana tulikaa nyuma.

Haukupita muda, mama yake Masanja, Bibi Kabula, akafariki. Unajua msiba ulivyo kwetu: ukisikia kilio, unaacha unachofanya. Asubuhi ile kilio kilikuja na upepo, kila mtu akakisikia, na hakuna aliyetoka. Akina mama walisimama milangoni, mikono kiunoni, wakitazama upande ule.

Rafiki yangu Kalisto alikuwa mtoto wa huyo huyo mzee Onesmo. Nilimkuta uani kwao ameshika jembe na sururu. Baba yake alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko, anaota moto.

"Unakwenda wapi na sururu?" mzee aliuliza.

"Kuchimba kaburi, baba."

"La nani? La hao waliolisha ng'ombe jasho langu?"

Kalisto hakupandisha sauti. "Ng'ombe waliokula ulezi wako bado wazima, baba. Aliyekufa ni mama wa mtu."

Mzee akageukia moto wake. Kalisto akaondoka, nami nikamfuata. Nisijisifu, mwanangu. Niliogopa, ila niliona vibaya kumwacha aende peke yake.

Tulimkuta Masanja na mdogo wake wanachimba wenyewe. Wafiwa wanamchimbia mama yao kaburi! Sijawahi kuona jambo hilo kabla wala baada ya siku ile. Kalisto akamshika Masanja mkono, akamwambia, "Kaka, nenda ukakae na mama. Kazi hii si yako leo." Masanja akakaa pale pale juu ya udongo, akalia.

Ardhi ilikuwa ngumu, mvua zilishakatika. Tukiwa tunachimba, vijana wengine wakaanza kuja mmoja mmoja, kwa kujificha kwanza, halafu waziwazi. Jua lilipofika utosini tukamwona mzee Onesmo anapanda njia na fimbo yake. Tukasimamisha kazi. Nilidhani amekuja kumchapa mwanawe mbele za watu. Akasimama ukingoni, akalitazama kaburi.

"Fupi hili," alisema. "Yule mama alikuwa mrefu. Ongezeni huku miguuni."

Kisha akaenda kumpa Masanja pole. Akina mama walipomwona mwenye shamba mwenyewe ameketi msibani, wakajitwika unga na kuni, wakaja.

Sikudanganyi kwamba chuki iliisha siku hiyo. Wapo waliomnunia Kalisto, wakimwita Msukuma kwa dharau. Yeye aliwasalimia tu. Msimu uliofuata alizunguka na Masanja nyumba kwa nyumba, wakatukanwa hapa, wakapewa kiti pale, mpaka ikapatikana njia ya kupitishia mifugo nje ya mashamba. Ndiyo hii mnayoitumia.

Basi leo mlipoitwa mbele pale uwanja wa kanisa, wewe na wenzako, watoto wa Kifipa na wa Kisukuma, mkapongezwa kwa kuumaliza ule ugomvi wa kugombea maji kisimani kati ya watu wa pande zetu mbili, nilifurahi kuliko wengi, maana najua mlichopitia. Najua mlivyoitwa wasaliti, kila mmoja na watu wa kwao.

Nisikilize sasa. Mtu akifikwa na shida, usiulize kwanza kabila lake. Ukikosewa, wewe ndiwe uanze kunyoosha mkono, kwa sababu neno la aliyekosewa lina uzito ambao la mwingine halina. Wazee wenu tuheshimuni, lakini msitungoje tuwaruhusu kuwa na utu. Wengi wetu tutakuja nyuma yenu, mtaona. Na pongezi za leo zipokee vizuri, kisha kesho uamke ukaendelee na kazi.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe majirani wengi wa kila namna, akupe na nyumba yenye nafasi ya kuwapokea wote.