Mihogo ya Bisibo Mbele ya Jaji

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya simu ya wakili mmoja. Alikuwa akimtetea mwanamke aitwaye Anitha, aliyeshtakiwa kwa kumuua baba mkwe wake kwa sumu. Daktari alikuta sianidi katika mwili wa marehemu, na sumu hiyo hiyo ikakutwa kwenye unga wa mhogo jikoni. Upande wa mashtaka ulidai Anitha aliinunua mpakani Kabanga akaichanganya. Wakili aliniuliza swali moja tu, kama mhogo wenyewe unaweza kuwa na sumu hiyo. Nimechunguza mihogo nusu ya maisha yangu. Nikamjibu kwamba unaweza, naye akaniomba niende nikaseme hivyo mahakamani.

Tulianzia Murukulazo, wilayani Ngara, alikozaliwa Anitha. Mama yake alitoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni."

Nilimuuliza wanavyotengeneza unga wa mhogo.

"Tunamenya, tunaanika, tunatwanga. Kuna namna nyingine?"

Nilionja kipande kibichi kutoka shambani kwake, kikawa kitamu. Mhogo wa aina ile hauna shida, jua linatosha. Kisha mama akaniuliza kama binti yake atanyongwa. Niliomba maji ya kunywa.

Njiani kwenda Biharamulo, vilima vya Ngara vikiwa vimebaki nyuma, wakili alinieleza kinachoningoja. "Mahakama haipokei maoni ya kila mtu," alisema. "Kwanza nitaonyesha umesomea nini na umefanya kazi gani. Ukishakubaliwa, sema unalolijua kwa utaalamu wako. Ukitoka nje ya hapo, watayatupa yote." Mimi ni mtu wa maneno mengi, na nadhani alikwisha kuligundua.

Katika kijiji cha Bisibo tulipokewa na mwenyekiti wa kitongoji, akatupeleka nyumbani kwa marehemu. Mjane wake, Mama Masanja, alikuwa ameshatoa ushahidi wake upande wa mashtaka, lakini hakutufukuza. Familia hiyo ni ya Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga, na Anitha aliolewa na mtoto wao. Kwao mke wa mtoto hali pamoja na baba mkwe. Siku ile mzee alirudi machungani na njaa, akaandaliwa peke yake, akala. Polisi walipoambiwa kwamba Anitha ndiye aliyepika na hakuonja, wakamchukua.

Tuling'oa mihogo mwenyekiti akishuhudia. Nilipoipima, karatasi yangu ya njano ya kupimia sianidi iligeuka rangi ya matofali: mhogo mchungu.

"Huu hauliwi hivi hivi," alisema Mama Masanja. "Unauvundika mpaka uote ukungu na uchungu utoke, ndiyo unapata udaga wa kutwanga."

"Anitha mlimwonyesha?"

"Mwanamke mzima," alisema. "Nani asiyejua udaga?"

Wanasema mwacha mila ni mtumwa. Anitha hakuacha ya kwao: alimenya, akaanika, akatwanga. Nilisikia uchungu mkubwa.

Biharamulo mjini, Mahakama Kuu ilikuwa imekuja kufanya kikao. Nilipomaliza kueleza elimu na kazi yangu, wakili wa serikali alisimama. "Mheshimiwa Jaji, huyu ni mtu wa mimea. Si daktari. Hawezi kuzungumzia kifo."

Jaji alifikiri kidogo, akaamua nisikilizwe kuhusu mihogo tu.

Nilieleza jinsi mihogo miwili inavyofanana kwa macho huku mmoja ukiwa na sumu, na kwamba sumu hiyo haitoki kwa kuanika peke yake. Kisha wakili wa serikali akaniuliza, "Kwa hiyo mhogo ndio uliomuua marehemu?"

Kwenye benchi la nyuma alikaa mama yake Anitha, akinitazama. Jamani, nilitamani kusema ndiyo.

"Sijui," nilijibu. "Hilo ni la daktari. Mimi najua kwamba unga wa mihogo ya shamba lile, usipovundikwa, unakuwa na sianidi bila mtu kuitia."

Mama aliinamisha kichwa. Usiku ule niliamini nimemharibia binti yake.

Siku ya hukumu nilirudi. Jaji alisema amepokea maneno yangu kwa sababu nilikataa kusema nisiloweza kulithibitisha. Akayaweka pamoja na ya daktari, akaona hakuna aliyetia sumu. Anitha akaachiwa huru.

Nje, Mama Masanja alimwendea taratibu.

"Sikukuonyesha, mwanangu. Nilidhani unajua."

"Na mimi sikuuliza, mama," alijibu Anitha. "Nilidhani mhogo ni mhogo."

Walilia pamoja, na mzee alikuwa kaburini.

Nilirudi Mwanza na kazi yangu ni ile ile. Ila zamani nikiingia kijijini nilianza kwa kuuliza wanalima mbegu gani. Siku hizi nauliza kwanza ni nani ameolewa hapa karibuni, na ni nani aliyekaa naye jikoni akamwonyesha.