Nafasi ya Shikamoo

Miaka ile nilikuwa na kibanda Magomeni, Kilosa mjini, kazi yangu kuhamisha kaseti kwenda kwenye sidii. Deki za sidii za bei nafuu zilikuwa zimejaa madukani, kaseti zikageuka za kizamani ghafla, na kila mtu akaniletea zake. Kwaya, mawaidha, harusi. Nilichoka mpaka mtu akiniambia "habari za asubuhi" nilisikia karaha.

Akaja kaka mmoja wa Zombo na kaseti moja, ameiviringisha kwenye kipande cha khanga. Ilikuwa barua ya marehemu baba yake. Mzee alipokuwa kibarua wa barabara kule Mikumi hakujua kuandika, kwa hiyo aliazima redio kaseti, akajirekodi, akaituma nyumbani. Sauti yake haikubaki popote pengine, na utepe ulikuwa umechakaa vibaya.

"Dada, mama anataka amsikie tu," alisema.

Nikaicheza mara moja, ikaingia kwenye kompyuta. Mzee alianza na sauti ya mzee, akamaliza na sauti ya kifaranga. Nikajua ni betri. Zamani zikiisha tulizianika juani, zikapata uhai wa kuazima. Basi mota inavuta utepe kwa kujikokota wakati wa kurekodi, na ukija kuucheza kwa umeme, maneno yanakimbia. Tena betri za kuanikwa huchoka kadiri unavyoongea, kwa hiyo kila dakika ina mbio zake, huwezi kuzipunguza zote kwa kipimo kimoja. Nikaikata vipande vipande, kila kimoja nikakipunguza kivyake, nikasikiliza, nikarudia. Siku mbili nzima. Nilimlaani marehemu wa watu, Mungu anisamehe.

Pale mwanzoni, baada ya "Hamjambo wote hapo nyumbani?" kulikuwa na kimya, halafu ndiyo "Marahaba." Kile kimya nikakiona kasoro ya utepe. Nikakifyeka, nikasevu, nikaona nimemaliza.

Kaka alichukua sidii yake akaenda. Siku ya tatu akarudi, amempakia mama yake nyuma ya baiskeli. Nikajua ni lawama, nikanuna kabla hawajafika mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sauti ni yake, umeipatia. Ila hanisubiri."

Sikuelewa. Nikaweka sidii. Mzee akauliza hamjambo, mama akafungua mdomo kumwamkia, na kabla hajamaliza neno mzee keshaitikia marahaba, keshaingia kwenye habari za mvua. Mama akaniangalia.

Kumbe kimya kile kilikuwa nafasi yake. Miaka yote kaseti ikichezwa alimwamkia mumewe, naye mumewe akamwitikia. Mimi kwa uchovu wangu nimeifuta salamu ya watu. Niliona aibu.

Nilikuwa nimesevu juu ya ile ya kwanza, kwa hiyo ilibidi nirudi kwenye kaseti, waliyokuja nayo. Utepe ukakatika kabla hata ya hamjambo, umechakaa mno kuungwa. Nikauangalia ukining'inia, nikatamani kufunga kibanda niende zangu nikalale.

"Basi, mama," nikasema, "mwamkie kama unavyomwamkia siku zote. Mimi nitapima."

Akakaa sawa, akashusha mtandio vizuri. Akasema polepole, maana pumzi yake ilikuwa fupi na meno yameondoka. Nikatazama saa, nikapachika kimya cha kiasi kilekile, nikacheza upya.

"Hamjambo wote hapo nyumbani?"

"Shikamoo, baba watoto."

Mama akavuta pumzi.

"Marahaba."

Mwanawe aligeuka akatazama baiskeli. Mama alifuta macho kwa pembe ya mtandio, kisha akacheka kidogo.

"Enzi zake," alisema, "hakuwa na subira hivi."