Mvinyo wa Harusi Yangu na Ulimi wa Dirce

Mdogo wangu Dirce aliitikisa ndoa yangu ya miaka hamsini akiwa na paja la bata mdomoni.

Hakutukana mtu. Hakurusha sahani. Alionja mvinyo tu, akatoa maoni yake.

Kaeni vizuri niwasimulie, maana tangu Jumapili ile nimebaki kuongea na kuku, na kuku wa huku Friuli, Italia, hawajui kusikiliza.

Mwaka tuliooana mimi na Olivo, baba mkwe alikamua pignolo. Zabibu hiyo ni ya kubembeleza. Vishada vyake ni vidogo kama ngumi ya mtoto, ndiyo maana majirani waliing'oa wakapanda merlo, zabibu ya mvinyo wa kila siku. Sisi tulibakiwa na mistari michache nyuma ya nyumba.

Na mvinyo wake ukiwa mchanga haunyweki. Unakausha ufizi kama umelamba soli ya kiatu. Lazima ulale miaka na miaka mpaka hasira zake ziishe.

Basi baba mkwe akazipanga chupa za mwaka ule kwenye stoo ya chini, akatuambia, "Hizi mtafungua mkifikisha hamsini. Mkiachana kabla, nazipasua zote."

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja. Nilicheka. Hamsini! Nani anafika huko?

Tukangoja.

Loredana, binti yetu, alipozaliwa, nikamwambia Olivo, "Tufungue moja."

"Bado unauma, mke wangu."

Loredana alipoolewa, nikasema, sasa je?

"Bado, mama Loredana. Tusije tukaharibu."

Mama yangu alipofariki nilitaka hata kunusa tu. Olivo akanishika mkono, machozi yanamlenga. "Huu ni wetu sisi wawili. Tuliahidi."

Jamani, nilimpenda upya. Nikasema nimepata mwanamume mwenye msimamo.

Hata tukigombana, kama ule mwaka alipouza ng'ombe bila kuniambia, nilikuwa nashuka stoo na kuziangalia zile chupa na lakiri nyekundu iliyoziba midomo yake. Najisemea, aah, kuna kitu tunakingoja sisi wawili. Hasira inashuka. Wenzangu wana albamu ya picha za harusi. Mimi nilikuwa na vumbi juu ya chupa.

Siku ikafika.

Loredana aliandaa meza uani. Bata wa kuoka, soseji, jibini la kukaanga na viazi, ugali wa njano umemwagwa juu ya ubao. Olivo kajibana ndani ya suti ya harusi, vifungo vimegoma.

Akapanda kutoka stoo na chupa, kaibeba kama mtoto anayepelekwa ubatizo. Akaifungua. Akamimina.

Zambarau. Imekoza kama wino.

Mimi niliishia darasa la tano, lakini najua mvinyo wa miaka hamsini unatakiwa uwe na rangi ya tofali. Nikamwangalia.

"Ona ulivyotunzika!" Olivo akasema.

"Kama mimi," nikajibu. Watu wakacheka.

Nikaonja. Laini. Wa kawaida. Kama huu tunaoshushia ugali kila siku. Nikajiambia, Norma, umezeeka, ulimi wako umekufa.

Mkwe wangu anasifia, "Hii ya kifalme, mama!" Kila mtu anatikisa kichwa. Nami nikatikisa changu.

Sasa Dirce. Hakuolewa, anaishi ng'ambo ya uwanja, na kula anakula kwangu. Kabla ya chakula alishapiga gongo mbili za makapi ya zabibu. Akasukutua ule mvinyo, akakunja uso.

"Olivo, huu sio wenyewe. Huu merlo. Ule wetu una harufu ya lami kwa mbali, na cheri, halafu mwishoni unakung'ata hapa." Akajigusa shavu.

Hata wajukuu waliacha kurushiana mkate.

"Ule wenu upi?" nikauliza, taratibu kabisa.

"Ule... ule wa siku ile."

"Siku ipi, Dirce?"

Olivo akaanza kukohoa. "Mama Loredana, keki inayeyuka."

"Iache iyeyuke. Dirce, nimeuliza siku ipi."

Dirce akaangua kilio. "Dada, ni mara moja tu kwa mwaka!"

Mara moja kwa mwaka! Kama Krismasi!

Yote yakatoka. Kila Septemba, siku ya kuzaliwa Bikira Maria, mimi napanda kwa miguu kuhiji kanisa la mlimani, Castelmonte. Naondoka kuna giza, narudi jioni nyayo zimejaa malengelenge. Na huko juu naomba mambo mawili: kifua cha Olivo kipone, na Dirce apate mume.

Mimi nikiwa nimepiga magoti, hao wanafungua chupa. Tangu Loredana alipoolewa.

Halafu Olivo anajaza merlo, anapiga kizibo kipya, anayeyusha lakiri. Akimaliza anapaka vumbi.

Vumbi, jamani! Nililokuwa nashuka kuliangalia! Alilipaka kwa mkono!

"Tulikuwa tunakunywa tu," Olivo akasema. "Naapa, hakuna kingine."

"Heri mngebusiana," nikamwambia. "Busu lingekuwa lenu. Mvinyo ulikuwa wangu."

"Mama, presha," Loredana akanishika bega.

"Presha yangu iko sawa, mwanangu. Inasikiliza. Mmezimaliza zote?"

Wakatazamana. Ule mtazamo ndio ulionichoma kuliko yote. Mtazamo wa watu wenye jambo lao.

"Imebaki moja," Dirce akanong'ona. "Yenyewe kabisa. Iko kabatini kwangu."

"Mnaiwekea nini?"

Olivo akamkanyaga Dirce mguu chini ya meza. Lakini Dirce akiwa na gongo kichwani hajui kunyamaza.

"Ya msiba, dada."

"Wa nani?"

"Si wewe ndiye mwenye presha... Tulisema siku tukishakuzika, tukirudi nyumbani, tuinywe. Kwa heshima yako."

Kwa heshima yangu!

Nikasimama na gauni langu la jubilei, nikavuka uwanja, nikaingia kwa Dirce, nikafunga mlango kwa komeo. Chupa niliikuta imeviringishwa kwenye shuka safi. Walikuwa wameitunza vizuri, siwezi kusema uongo.

Kizibo kikakatika katikati. Nikachuja mvinyo kwa skafu yake ya kwendea kanisani.

Olivo akawa anagonga. "Mama Loredana! Usinywe haraka! Mvinyo mzee lazima upumue kwanza!"

"Utapumulia tumboni!"

Rangi ya tofali. Harufu ya cheri zilizolowekwa kwenye gongo, ya tumbaku, ya udongo baada ya mvua. Nikanywa. Ukaning'ata shavuni, ukanishikilia, kisha ukaniachia polepole kama mkono wa mtu anayekuaga.

Ulikuwa mtamu, jamani. Ulikuwa mtamu mpaka nikaona aibu.

Na mnajua nini kiliniliza? Mdomo ulifunguka wenyewe, nikawa nishatamka nusu: "Oli—" Nilitaka kumwita aje aonje.

Nikaufunga. Nikamimina tena. Nilikunywa matanga yangu mwenyewe, peke yangu, mpaka kwenye mashapo.

Nilipofungua mlango nilimkuta Olivo kasimama juani, Dirce nyuma yake anafuta kamasi. Olivo ameshika glasi tupu. Nyie! Mtu amefumaniwa, na bado kaja na glasi!

Nikamwekea kipande cha kizibo kiganjani.

"Nusa," nikamwambia, nikapita.

Sasa nalala chumba cha zamani cha Loredana. Olivo anajisongea ugali, unaungua kila siku. Dirce ananiletea mayai, namwambia aweke mlangoni.

Ninachowaambia ni hiki. Kama mnangoja kitu wawili, kionjeni mapema wawili, hata kama kichungu, mkunje nyuso pamoja. Na mtu akishikilia kukwambia kwamba hakijaiva, muulize yeye amekionja lini.