Harufu Ambayo Baba Hakuisikia

Wiki iliyopita, ofisini kwetu Posta, waya wa birika la umeme uliungua. Moshi haukuonekana, lakini harufu ya plastiki ilinifikia mezani kabla mtu yeyote hajainua kichwa. Nikajikuta nimesimama. Wenzangu walinicheka nilivyokimbilia kuchomoa plagi, nami sikuwaeleza chochote. Nakueleza wewe, msomaji, kwamba harufu ile kila mara hunirudisha kwenye pikapu ya baba, nikiwa mtoto wa darasa la tano.

Tulikuwa tunakaa Ilala, na baba alikuwa na duka la viungo Kariakoo. Duka lilikuwa dogo, ila pua ya baba ilikuwa kubwa kwa sifa. Aliweza kunusa gunia la karafuu akajua kama lilianikwa vizuri au lilifungwa na unyevu. Mama Jyoti wa Upanga, mteja wetu wa siku nyingi, hakununua hiliki mpaka baba aipasue kiganjani, ainuse, atikise kichwa kukubali. Alizoea kusema pua ile ikatiwe bima. Baba alicheka, akaishika pua yake kana kwamba kuna mtu anataka kumwibia.

Likizo moja baba alinichukua kwenda Matombo, kwenye milima ya Uluguru, kufuata mzigo. Wazo lilikuwa la mama. Miezi michache nyuma baba alianguka kutoka juu ya pikapu akishusha magunia, akagonga kisogo, akalazwa. Alipona, lakini mama hakutaka tena asafiri peke yake. "Wewe utamwangalia baba yako," aliniambia, na mimi nikalichukua neno hilo kwa uzito wote. Safari nzima sikumwondolea macho, hadi akaniuliza kama ana uchafu usoni.

Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu. Kioo cha upande wangu kilipandishwa kwa bisibisi, na mlango wangu ulifunguka kwa nje tu. Wakati wa kurudi, mvua ilikuwa imechimba barabara ya milimani vibaya, mawe yakawa yanagonga tumbo la gari kama mtu aliyefungiwa chini anayetaka kutoka. Mahali pamoja tulikwangua jiwe kwa kishindo. Baba alishuka, akachungulia chini, akarudi akijipangusa magoti. "Hamna kitu," alisema.

Tulipofika kwenye lami na gari likaanza kukimbia, nikaisikia.

"Baba, kuna kitu kinaungua."

Alivuta pumzi ndefu. "Watu wanachoma majani, mama."

Nilitazama mashamba pande zote mbili. Hapakuwa na moshi popote. Harufu iliondoka tulipopunguza mwendo, ikarudi tulipoongeza. Karibu na Chalinze nilimwambia tena. Akasema ni klachi, imechoka na ile milima. Mimi sikuweza kukaa. Niligeuka nyuma kuangalia kama magunia yanafuka, nikaupapasa mlango, nikakumbuka kuwa haufunguki kwa ndani, nikageuka tena. Baba naye alikuwa anavuta hewa puani kwa nguvu, mara kwa mara, kama mtu mwenye mafua.

"Zuhura, tulia," alisema hatimaye. Kwa kawaida aliniita mama. Aliponiita kwa jina nilijua amekasirika, nikanyamaza, nikaanza kusoma kimoyomoyo kila dua niliyoijua, hata ile ya kabla ya kula.

Tulifika Kariakoo salama. Gari lilipoa wakati mzigo unashushwa, na harufu ikapotea kabisa. Kisha baba akasema nipande tena, tumpelekee Mama Jyoti mzigo wake Upanga. Nikagoma. Nilisimama katikati ya njia huku watu wa mikokoteni wakinipigia kelele nipishe, machozi yananitoka, na sikupanda. Baba akaufunga mlango aliokuwa amenifungulia.

"Haya," alisema, "twende Gerezani kwa fundi Seif, akuhakikishie."

Hata hapo sikupanda. Alikwenda na gari, mimi nikatembea kando yake, na kwa foleni ile ya Kariakoo nilimtangulia kufika.

Fundi Seif, rafiki wa baba tangu ujana, aliitikia shikamoo yangu, akafungua boneti na kunusa. Injini ilikuwa haijapata moto wa kutosha, na gari zima lilinukia karafuu na mdalasini.

"Sisikii kitu," alisema. "Baba Zuhura, ilikuwa inanukaje?"

"Ya kuungua tu."

"Ya kuungua vipi? Klachi inanuka kama karatasi iliyoungua. Oili ikidondokea ekzosi inanuka kama kikaango. Ilikuwa ipi?"

Baba, mtu aliyeweza kutofautisha karafuu ya bonde moja na ya bonde la pili, aliangalia vidole vyake. "Kama karatasi," alisema. Fundi akaanza kuitisha spana za kushusha giaboksi ili aifikie klachi.

"Siyo karatasi," nilisema. "Ni kama waya wa pasi ukiungua. Inakuja tukikimbia, tukienda polepole inaisha."

Nilingoja kukemewa kwa kuingilia wakubwa. Baba akasema kwa sauti ndogo, "Msikilize huyo. Pua yake nzima."

Fundi aliingia chini ya gari na tochi, kisha akatuita. Tulilala chini wote, baba na mimi, mashavu karibu na sakafu yenye grisi. Nyaya za taa za nyuma zilikuwa zimeng'oka kwenye vishikizo vyake, pengine kwa lile jiwe, zikalalia ekzosi. Ngozi yake ilikuwa imeyeyuka, shaba iko wazi, na mpira wa petroli umepita hapo hapo, karibu kugusana.

"Mngewasha taa..." fundi alisema, akaacha.

Baba alikwenda kukaa juu ya tairi, akavua kofia.

"Nilikwambia hamna kitu," aliniambia.

"Ndiyo, baba."

"Usinisikilize tena kwenye hilo."

Tangu siku hiyo, kila mzigo ulipoingia aliniita stoo, nyuma ya duka. Nilinusa kwanza mimi, nikamweleza, ndipo alipotoka kwenda kunusa mbele ya wateja na kutikisa kichwa kama zamani. Nilijivuna sana. Niliamini ananirithisha kazi.

Nilikuwa sekondari mama aliponiambia. Kule kuanguka kutoka kwenye pikapu kuliondoka na pua ya baba; hakusikia tena harufu yoyote. Mama aligundua hilo baba alipokula maharage yaliyochacha, akaomba aongezewe. Walikubaliana wasimwambie mtu.

Nikakumbuka stoo. Nilipokuwa nikimweleza hiliki, kwamba ni tamu kwa mbali, inapoza koo, ina kitu kama ganda la limao, baba alifumba macho na kuniambia, rudia, mama, polepole. Nami nilirudia, mara nyingine kwa uchovu, nikidhani hajanielewa. Kumbe hakukuwa na njia nyingine iliyobaki ya yeye kuisikia.